Punda Milia, Imparage na Fjellfross: Etimolojia ya Majina Ambatani ya Wanyama na Mipaka ya Uwazi wa Maana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza etimolojia ya nomino ambatani *punda milia* kwa kuilinganisha na majina ya mnyama huyohuyo katika lugha nyingine za Kibantu na za Ulaya. Yanaanzia katika jina la Kinorwe *fjellfross*, ambalo historia yake inaonesha namna maana inayodhaniwa kuwa wazi inavyoweza kuwapotosha hata wataalamu. Kisha yanaeleza muundo wa *punda milia*, nafasi ya jina hilo mbele ya *imparage* la lugha za kundi la Kirundi na Kihangaza zinazozungumzwa Ngara, na safari ya neno *pitse* la Kitswana na *zebra* la Kireno. Hoja kuu ni kwamba jina ambatani si dalili ya upungufu wa msamiati. Ni mojawapo ya njia tatu ambazo lugha hutumia kumpa mnyama jina, na ni historia ya maingiliano inayoamua ni njia ipi itumike.

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, mtoto anayeanza shule huingia darasani akiwa na lugha ya nyumbani iliyo karibu sana na Kirundi. Kihangaza, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa alama D65, kimo katika kundi moja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62), Kishubi (D64) na Kiha (D66). Katika Kirundi na Kinyarwanda mnyama mwenye mistari myeusi na myeupe huitwa *imparage*. Punda wa kufugwa huitwa *indogoba* katika Kirundi na *indogobe* katika Kinyarwanda. Majina haya mawili hayana uhusiano wowote wa umbo: hakuna kinachomwambia msemaji kwamba *imparage* ni namna ya *indogoba*.

Kitabu cha Kiswahili kinamletea mtoto huyo mpangilio tofauti. Mnyama wa porini anakuwa *punda*, na kinachomtenga na punda wa mizigo ni *milia*. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu na wanafunzi wa isimu hukutana nalo mara kwa mara: je, Kiswahili hakikuwa na jina la mnyama huyu hata kikalazimika kumweleza? Swali hili si dogo. Nyuma yake imo dhana kwamba neno sahili ndilo jina halisi, ilhali neno ambatani ni maelezo tu yanayoziba pengo. Dhana hiyo ikikubaliwa, *imparage* na *zebra* yatahesabiwa kuwa majina kamili na *punda milia* litahesabiwa kuwa jina la muda. Makala haya yanaonesha kwamba ushahidi wa etimolojia hauungi mkono dhana hiyo.

2.0 Onyo kutoka Kaskazini: Kisa cha *Fjellfross*

Kabla ya kulichambua jina la Kiswahili, inafaa kutazama hatari iliyomo katika kusoma majina ambatani kwa macho ya leo. Katika misitu na milima ya Skandinavia anaishi mnyama mla nyama wa familia moja na nyegere wa Afrika. Katika Kinorwe cha leo huitwa *jerv*, lakini jina lake jingine la zamani ni *fjellfross*, linaloundwa na *fjell*, yaani mlima, na *fross*, neno la kale la paka dume. Kwa hiyo mnyama huyo alikuwa “paka dume wa mlimani”.

Kwa mujibu wa maelezo yaliyoenea katika kamusi za etimolojia, jina hili liliwafikia Wajerumani wa kaskazini kupitia biashara ya ngozi, wakati wafanyabiashara wa umoja wa miji ya Hansa walipokuwa na kituo chao mjini Bergen. Masikio ya Kijerumani hayakusikia mlima wala paka. Yalisikia *viel*, yaani “mengi”, na *Fraß*, linalotokana na kitenzi cha kula kinachotumiwa kwa wanyama. Jina likawa *Vielfraß*, “mla mengi”. Ikumbukwe pia kwamba Kijerumani cha kale kilikwishakuwa na neno la namna hiyo lenye maana ya mlafi. Kwa hiyo linaloweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kwamba jina la kigeni lilivutwa na neno la kienyeji lililokuwa tayari limekaa mahali pake.

Mchakato huu huitwa etimolojia ya umma: wasemaji hulipa neno wasilolielewa umbo na maana wanazozijua. Katika kisa hiki athari zake zilivuka mipaka ya lugha. Mwaka 1555 mwandishi wa Uswidi, Olaus Magnus, alimweleza mnyama huyu kuwa hula mpaka tumbo likamvimba, kisha hujibana katikati ya miti miwili ili alitoe alilokula na kurudi kula tena. Mwaka 1758 Linnaeus alimwingiza katika uainishaji wake kwa jina *Mustela gulo*, na *gulo* katika Kilatini ni mlafi. Leo jina la kisayansi la mnyama huyo ni *Gulo gulo*, mlafi mara mbili. Paka wa mlimani amepotea kabisa katika jina la sayansi, na tabia ambayo huenda ilipewa nguvu na mfanano wa sauti imebaki humo kana kwamba ilithibitishwa.

Funzo la kisa hiki ni la kimbinu. Sehemu za jina ambatani zikionekana kuwa wazi, uwazi huo wenyewe unahitaji kuthibitishwa kwa sarufi na historia ya lugha husika.

3.0 Muundo wa *Punda Milia*

3.1 Ushahidi wa ngeli

Mtu anayetafuta asili ya *milia* kwa sikio peke yake anaweza kulihusisha neno hili na kitenzi *lia*, kwa kuwa punda ni mnyama anayejulikana kwa sauti yake. Ngeli inaikataa njia hiyo mara moja. Nomino ya mtendaji inayotokana na *lia* ni *mlia*, na wingi wake ni *walia*. Nomino ya tendo ni *mlio*, na wingi wake ni *milio*. Hakuna njia ya kawaida ya kutoka katika kitenzi hicho hadi *milia*. Kwa upande mwingine, *mlia* lenye maana ya mstari au mchirizi wa rangi lina wingi *milia*, na hutumika pia nje ya jina la mnyama, kama katika *shati la milia*. Hapa uwazi wa maana umepita mtihani ambao *Vielfraß* haikuupita.

3.2 Neno au kirai?

Swali linalofuata ni kama *punda milia* ni neno moja au ni kirai cha maneno mawili. Vigezo vinne vinaelekeza upande wa neno moja.

Kwanza, kiunganishi cha *-a* unganifu hakipo. Katika matumizi ya kawaida Kiswahili hudai *shati la milia* na *kitambaa cha milia*. Hakisemi *shati milia*. Katika jina la mnyama kiunganishi kimeondoka. *Punda mwenye milia* au *punda wa milia* anaweza kuwa punda yeyote aliyepakwa rangi, lakini *punda milia* ni spishi.

Pili, hakuna kinachoweza kuingizwa katikati. Husemwa *punda milia mkubwa*. *Punda mkubwa milia* halikubaliki kuwa jina la mnyama huyu.

Tatu, idadi ya sehemu ya pili imeganda. Mnyama akiwa mmoja au wakiwa mia, *milia* hubaki katika wingi. *Punda mlia* si umoja wa *punda milia*, kwa sababu wingi wa *milia* unahesabu mistari iliyo mwilini mwa kila mnyama.

Nne, upatanisho wa kisarufi hutawaliwa na sehemu ya kwanza peke yake: *punda milia huyu anakunywa*, *punda milia hawa wanakunywa*. *Punda* ndilo neno kuu na *milia* ni kikumushi.

Kigezo hiki cha nne kina uzito wa pekee darasani huko Ngara. Katika Kirundi na lugha ndugu zake, nomino za wanyama zilizo katika ngeli ya 9 huchukua kiambishi cha ngeli hiyo hata kwa viumbe hai, kwa hiyo kiima huwakilishwa na *i-*. Kiswahili sanifu hutumia upatanisho wa *a-* na *wa-* kwa viumbe hai bila kujali umbo la nomino. Mwanafunzi anayeandika *punda milia inakula* anaweza kuwa amefuata ngeli ya 9 ya lugha yake ya kwanza, au ameipatanisha sentensi na *milia*, ambayo kwa kuwa ya ngeli ya 4 nayo huchukua *i-*. Kosa ni moja kwa sura, lakini vyanzo vyake ni viwili. Mwalimu asiyevitenganisha atasahihisha sentensi bila kugusa sababu.

3.3 Mpangilio wa neno kuu na kikumushi

*Punda milia* haliko peke yake. Mpangilio huo wa nomino mbili bila kiunganishi unaonekana katika *mbwa mwitu*, *paka mwitu*, *bata maji*, *bata mzinga*, *bata bukini* na *chui milia*. Katika yote neno kuu hutangulia. *Bata bukini* linahifadhi *Bukini*, jina la zamani la kisiwa cha Madagaska. *Mbwa mwitu* na *paka mwitu* yanaendeleza *mwitu*, neno la kale la msitu ambalo leo husikika zaidi ndani ya majina ya namna hii kuliko likiwa peke yake. Kwa hiyo majina ambatani ni hifadhi ya msamiati wa zamani vilevile.

Katika lugha za Kijerumaniki mpangilio umegeuka: kikumushi hutangulia na neno kuu hufuata. Kinorwe humwita dubu mweupe wa nchi za barafu *isbjørn*, yaani *is*, barafu, na *bjørn*, dubu. Kiswahili husema *dubu barafu*. Viungo ni vilevile na uhusiano wake ni uleule. Tofauti ipo katika mfuatano. Inafaa pia kutambua kwamba *dubu* lina asili ya Kiarabu na *barafu* lina asili ya Kiajemi. Vijenzi vya kukopa vimepangwa kwa kanuni ya Kibantu, na jina lililopatikana ni la Kiswahili.

4.0 Mnyama Mmoja, Njia Tatu

4.1 Kuhamisha jina

Lugha inapokutana na mnyama isiyemjua, au inapotaka kumtenga mnyama mmoja na mwingine, huwa na njia tatu: kukopa jina, kuhamisha jina lililopo, au kuunganisha maneno. Mfano bora wa kuhamisha unatoka kusini mwa Afrika. Kichewa humwita punda milia *mbidzi*, Kishona *mbizi* na Kivenda *mbidi*. Maumbo haya yana asili moja ya Kibantu. Umbo linalolingana nayo katika Kitswana ni *pitse*, lakini leo *pitse* ni farasi.

Kilichotokea kinaelezeka. Farasi waliletwa kusini mwa Afrika na Wazungu kuanzia karne ya 17, na wasemaji wa Kitswana walimpa mgeni huyo jina la mnyama wa kienyeji aliyefanana naye zaidi. Farasi alipozidi kuwa muhimu katika maisha ya kila siku, yeye ndiye aliyebaki na jina tupu. Mwenye jina la asili akahitaji nyongeza, akawa *pitse ya naga*, yaani farasi wa nyika.

Kisa hiki kinavunja hoja ya pengo la msamiati. Kitswana kilikuwa na jina sahili la Kibantu, na bado kimeishia kwenye jina lenye neno kuu na kikumushi. Muundo wa sasa hausemi lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa jina la awali. Unachoonesha ni kipi kati ya wanyama wawili kilichofanywa kigezo. Katika Kitswana kigezo ni farasi; katika Kiswahili, lugha iliyokulia katika miji ambamo punda alibeba maji, mawe na mizigo ya bandarini, kigezo ni punda.

4.2 Kukopa jina

Njia ya pili inaonekana katika jina la farasi lenyewe. Kiswahili kililichukua *farasi* kutoka Kiarabu, na Kinyarwanda kina *ifarashi*. Njia hiyohiyo ndiyo iliyofuatwa na Kinorwe kwa punda milia, ambaye humo huitwa *sebra*. Neno hilo limeenea Ulaya kutoka katika Kireno, na kwa juu juu linaonekana kuwa jina sahili lisilogawanyika.

Historia yake inasema vingine. Katika Zama za Kati neno hilo lilimtaja mnyama wa mwituni wa jamii ya farasi au punda aliyekuwa akiishi katika rasi ya Iberia. Wareno walipowaona wanyama wenye milia barani Afrika waliwapa jina la mnyama wa kwao. Asili ya neno hilo, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni Kilatini *equiferus*, lililoundwa na *equus*, farasi, na *ferus*, wa mwituni. Kwa maneno mengine, *zebra* ni “farasi mwitu” ambaye viungo vyake vimesagika hata havionekani tena. Lugha inayodhaniwa kuwa na jina halisi imehamisha jina ambatani la mnyama mwingine na kusahau kwamba lilikuwa ambatani.

4.3 Kuunganisha maneno

Njia ya tatu ni ya *punda milia*, nayo ina historia ndefu nje ya Afrika pia. Wagiriki na Warumi walimjua mnyama huyu kwa jina *hippotigris*, yaani farasi na chui milia kwa pamoja. Twiga walimwita *kamelopardalis*, ngamia na chui. Kiboko kwao alikuwa *hippopotamos*, farasi wa mtoni, na jina hilo likatafsiriwa kiungo kwa kiungo katika lugha za Kijerumaniki. Kinorwe leo kina *flodhest*: *flod*, mto mkubwa, na *hest*, farasi.

Hapa ndipo ulinganisho na Ngara unapokamilika. Mnyama ambaye Kinorwe kinamhitajia jina ambatani, Kirundi na Kinyarwanda humwita kwa neno moja sahili, *imvubu*, ambalo ndugu zake ni *envubu* la Kiganda, *imvubu* la Kizulu na *mvuu* la Kichewa. Jina hilo limeandikwa hata katika ramani: mto Ruvubu, unaotoka Burundi na kupita Ngara kabla ya kukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, unabeba shina *-vubu* baada ya kiambishi *ru-*. Kiswahili nacho kina *kiboko*, neno sahili lisilo na uhusiano na shina hilo. Hakuna anayesema kwamba Kinorwe ni lugha maskini kwa kuwa na *flodhest*. Kipimo hichohicho kinapaswa kutumiwa kwa *punda milia*.

Kuna tofauti moja kati ya majina hayo mawili inayostahili kutajwa. Kiboko si wa jamii ya farasi hata kidogo, kwa hiyo neno kuu katika *flodhest* linampeleka mnyama katika ukoo usio wake. Punda milia, punda na farasi wote ni wa jenasi *Equus*. Jina la Kiswahili limemweka mnyama katika ukoo wake sahihi, na kwa jambo hili linafundisha zaidi kuliko *zebra* na hata *imparage*.

5.0 Tahajia na Maisha Mapya ya Jina

Suala ambalo bado linatofautiana katika maandishi ni tahajia. Yapo maandishi yenye *punda milia*, yenye *punda-milia* na yenye *pundamilia*. Vigezo vya sehemu ya 3.2 vinaonesha kwamba kisarufi ni neno moja, na matamshi yanaafiki: mkazo mkuu huangukia silabi *li*, iliyo ya pili kutoka mwisho wa umbo zima. Hata hivyo, kuandika kwa kuunganisha kunaleta wajibu wa kuwa na msimamo. Atakayeandika *pundamilia* atalazimika kueleza kwa nini haandiki *mbwamwitu*, *batamzinga* na *chuimilia*. Kwa mtunga kamusi uamuzi huu ndio unaoamua kama jina litakuwa kidahizo chake lenyewe au litafichwa chini ya *punda*. Kulificha chini ya *punda* ni kurudia, kwa njia ya mpangilio wa kamusi, ile dhana kwamba jina hili ni maelezo tu.

Matumizi yenyewe yamekwishatoa uamuzi wake. Barabarani kuna *kivuko cha punda milia*, ambapo hapana punda. Kilichobaki ni mistari. Ushahidi ulio na nguvu zaidi unatoka katika Ziwa Viktoria, lililo upande wa mashariki wa mkoa huohuo wa Kagera. Mwaka 1998 wanasayansi waliipa jenasi moja ya samaki wa ziwa hilo jina *Pundamilia*. Ndani yake wamo *Pundamilia pundamilia* na *Pundamilia nyererei*, jina la pili likimkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Samaki hao hawana uhusiano na punda. Aliyeweza kumwita samaki *Pundamilia* alilichukua jina zima kama kitu kimoja na kuhamisha sifa yake moja, kama vile Watswana walivyohamisha *pitse* na Wareno *zebra*. Jina ambatani linalohamishika hivi limekoma kuwa jumla ya viungo vyake.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonesha mambo matatu. Kwanza, uwazi wa jina ambatani hauaminiki mpaka upimwe kwa sarufi: *fjellfross* lilisomwa vibaya na kosa likaingia katika jina la sayansi, ilhali *punda milia* linathibitishwa na ngeli zake. Pili, usahili wa jina si ushahidi wa ukale wala wa ukamilifu, kwa kuwa *zebra* ni ambatani iliyosagika na *pitse* ni jina la kale lililobadili mwenyewe. Tatu, lugha moja hutumia njia tofauti kwa wanyama tofauti, na zaidi ya umbile la mnyama ni historia ya watu inayoamua njia hiyo.

Kwa ufundishaji wa Kiswahili katika maeneo kama Mugoma, matokeo haya yana maana ya kiutendaji. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 na inayogusa wilaya za Ngara na Biharamulo, ni makazi ya mnyama huyu, na watoto wa eneo hilo wanalo jina lake kabla hawajakutana na kitabu. *Imparage* halihitaji kuondolewa ili *punda milia* lifundishwe. Yakiwekwa pamoja, jina la kwanza linaonesha jinsi lugha inavyomtenga mnyama kwa shina la peke yake, na la pili linaonesha jinsi lugha inavyompanga katika ukoo. Mwanafunzi aliyeyaelewa yote mawili ameanza kujifunza isimu kabla ya kulijua jina la taaluma hiyo.